Je, stendi nzito ya maiki itanyamazisha kishindo cha meza?

"Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Tanga, nawasomea waandishi vitabu vyao kwa sauti na kuwauzia rekodi. Narekodi chumbani asubuhi, watoto wakiwa shule. Maiki yangu ni ya USB, bila kitako chake ina gramu 550. Stendi iliyokuja nayo ni fupi, na kila nikifunua ukurasa au kiwiko kikigusa meza nasikia 'dum' chini ya sauti yangu. Nikanunua mkono wa springi wa kubana kwenye ukingo wa meza. Nikiuachia unapanda wenyewe taratibu, na bano limeshaanza kula meza, maana meza ni ya chipubodi. Sasa kuna muuzaji ana stendi ya mezani yenye kitako cha chuma cha kilo mbili na nusu, kipenyo sentimita 20. Anasema uzito huo haupitishi kelele yoyote. Mume wangu naye anasema tusitupe pesa, fundi wa kuchomelea atatutengenezea kwa diski ya breki. Nimsikilize nani?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kishindo hicho. Najua kinavyokatisha tamaa: umesoma sura nzima vizuri, unarudi kusikiliza, unakuta "dum" katikati ya sentensi uliyoipenda kuliko zote.

Ndani ya swali lako mna maswali mawili, na muuzaji ameyafunga kwa kamba moja. La kwanza ni stendi isianguke. La pili ni stendi isipitishe kishindo. Stendi inaweza kusimama imara kama mnazi na bado ikapeleka kila mguso wa meza hadi kwenye maiki. Kwa hiyo muuzaji yuko sahihi kwa la kwanza, na kwa la pili anakosea. Mume wako yuko karibu na ukweli kuliko anavyodhani, ila diski ya breki ina mambo yake, nitakueleza.

Kwanza fanya jaribio ambalo halina gharama. Vua maiki kwenye stendi, ilaze juu ya mto, mto uwe juu ya kiti kilichosimama mbali kidogo na meza. Anza kurekodi, kisha gonga meza kwa kiwiko kama unavyogonga siku zote, funua kurasa, sogeza kikombe. Sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni. "Dum" ikitoweka, basi ilikuwa inapanda kupitia mbao na chuma, na stendi ndiyo mahali pa kuanzia matengenezo. Ikibaki vilevile, kishindo kinapita hewani, na hakuna stendi duniani itakayokuondolea. Hapo tatizo ni meza inayolia. Kwa maelezo yako naamini itatoweka, lakini jaribu kabla hujatoa hata shilingi.

Sasa nikueleze kinachotokea. Chipubodi iliyolazwa juu ya miguu minne ni ngoma. Kiwiko kikiigusa, ubao wote unatetemeka, na stendi iliyokaa juu yake inatetemeka nayo, na maiki iliyofungwa juu ya stendi inatetemeka pia. Ndani ya maiki mna kiwambo chembamba sana ambacho kazi yake ni kufuata mitikisiko ya hewa. Kasha la maiki likisukumwa ghafla, kiwambo kinachelewa kidogo, kama abiria anavyobaki nyuma daladala ikiondoka. Tofauti hiyo ya mwendo kati ya kasha na kiwambo, maiki inaitafsiri kuwa ni sauti. Ndiyo maana wewe uliyekaa hapo husikii kishindo kikubwa kwa masikio, lakini kwenye rekodi kinaunguruma.

Chuma cha kilo mbili na nusu kikikaa wazi juu ya ubao kinaupunguzia ubao mwepesi mchezo kidogo, hilo nalikubali. Lakini chuma juu ya mbao, bila kitu laini katikati, ni daraja. Kinachovunja daraja ni ulaini: raba, springi, sponji. Na ulaini una kipimo chake, ambacho unaweza kukiona kwa rula. Angalia kitu hicho laini kinabonyea kiasi gani kikibebeshwa mzigo wake. Kile kikapu cha kamba za raba ambacho maiki inaning'inizwa ndani yake, tuseme kinashuka milimita 5 ukiweka maiki. Mfumo huo ukiutikisa na kuuachia, utacheza takriban mara 7 kwa sekunde, na mitetemo yote inayozidi kama 10 kwa sekunde unaanza kuizuia. Kishindo cha meza kwa kawaida kiko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo karibu chote kinanaswa.

Chukua sasa zile raba ngumu nyembamba zinazobandikwa chini ya vitako vya stendi. Zinabonyea labda sehemu moja ya 20 ya milimita. Kwa hesabu ileile, huo ni mchezo wa mara 70 kwa sekunde. Maana yake raba hizo hazianzi kuzuia chochote mpaka karibu 100, na kishindo kinachoangukia jirani na 70 zinakizidisha badala ya kukipunguza. Kazi yake ya kweli ni kuzuia stendi isiteleze na isikwaruze meza. Anayekuuzia raba hizo kama dawa ya kelele hajawahi kuzipima.

Hapa ndipo uzito unapopata kazi nzuri ambayo muuzaji hakukueleza. Kitu kizito juu ya kitu laini kinakibonyeza zaidi, na kadiri kinavyobonyea ndivyo kinavyozuia mitetemo ya chini. Ukikata kipande cha sponji ya godoro gumu, unene wa sentimita tatu au nne, mduara sawa na kitako, ukaweka kitako cha kilo mbili na nusu juu yake, sponji ikashuka kama nusu sentimita bila kugandamana kabisa, umepata kizuizi cha maana kwa bei ya kipande cha sponji. Kistendi chepesi cha plastiki juu ya sponji hiyohiyo kisingeibonyeza, na kisingefaidika. Hasara yake ni kwamba stendi itayumba kidogo ukiigusa, kwa hiyo usiirefushe kupita kiasi.

Kuna jambo jingine hujaniuliza, nalo naliona kubwa kuliko yote mawili. Ulisema stendi iliyokuja na maiki ni fupi. Kaa kwenye kiti chako kama unavyosoma, mwombe mtu apime kwa futi kutoka juu ya meza hadi mdomoni mwako. Wengi wetu inafika sentimita 35 hadi 45. Stendi fupi inaiacha maiki chini, labda sentimita 45 kutoka mdomoni, na wewe unafidia kwa kuongeza nguvu ya maiki kwenye kompyuta. Ukiongeza nguvu, unaongeza na kishindo, na feni ya kompyuta, na jogoo wa jirani. Ukiileta maiki mpaka sentimita 15, sauti yako inaingia ikiwa na nguvu zaidi kwa takriban desibeli 9 na nusu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), huku kishindo cha meza kikibaki palepale. Kisha unapunguza nguvu kwenye kompyuta kwa kiasi hichohicho, na kishindo kinashuka pamoja nayo. Umepunguza kelele kwa kusogeza maiki tu. Kwa hiyo mimi nikichagua stendi, swali la kwanza ni kama inafika mdomoni. Uzito unafuata.

Tena maiki ikikaa chini karibu na ubao, sauti yako inaifikia mara mbili: moja kwa moja, na baada ya kudunda mezani. Zile mbili zikikutana zinafutana sehemu fulani fulani, na sauti inakuwa kama ya mtu anayesema ndani ya bomba. Taulo nene la kuogea lililokunjwa mara mbili mbele ya maiki linasaidia sana. Kanga ni nyembamba mno kwa kazi hiyo.

Turudi kwenye mkono wako wa springi, kwa sababu naogopa umeuhukumu mapema. Unapanda wenyewe kwa kuwa springi zake zilitengenezwa kwa maiki nzito zaidi. Maiki za utangazaji kama Shure SM7B zina gramu 765 hivi, na mikono mingi inalenga uzito wa namna hiyo. Mkono wa springi una kiwango cha juu cha kubeba, na una kiwango cha chini pia. Watu husoma kile cha juu tu. Maiki yako ya gramu 550 iko nyepesi kwake. Ukinunua kikapu cha raba chenye gramu 200 hivi, jumla inakuwa 750, na huenda mkono ukatulia palepale unapouacha. Usikaze vifundo vya maungio kwa nguvu zako zote ili kuuzuia usipande. Unasaga plastiki ya ndani, na baada ya muda hautashika tena.

Kuhusu bano kula meza, hesabu yake inatisha kidogo. Gramu 750 mwishoni mwa mkono ulionyooshwa sentimita 70, zikishikiliwa na bano lenye upana wa sentimita 5, zinasukuma ukingo wa ubao kwa nguvu inayozidi kilo 10. Hapo sijahesabu uzito wa mkono wenyewe wala nguvu ya skrubu. Chipubodi ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Ukingo wake haukuumbwa kwa mzigo wa namna hiyo, na ukishaanza kumeng'enyuka haurudi. Kama utaendelea na mkono, weka vipande viwili vya mbao ngumu, mninga au mvule, urefu wa sentimita 15, kimoja juu na kimoja chini ya ubao, bano libane hivyo. Mzigo utatawanyika. Lakini kumbuka, hata mkono mzuri kiasi gani umefungwa kwenye meza ileile unayoigonga. Bila kikapu cha raba, "dum" itapanda kupitia mkono kama ilivyopanda kupitia stendi.

Sasa stendi ya muuzaji. Kilo mbili na nusu, kipenyo sentimita 20, yaani kutoka katikati hadi ukingoni ni 10. Maiki ikiwa juu kabisa ya nguzo iliyonyooka, haina shida. Shida inakuja ukiongeza kijiti cha mlalo ili maiki ikusogelee. Maiki pamoja na kikapu, gramu 750, zikiwa sentimita 25 kutoka katikati, zimezidi ukingo kwa sentimita 15. Ukizidisha kilo kwa sentimita kutoka ukingoni, mzigo wake ni kama 11, na kitako kinashikilia kwa 25. Uko salama. Zikifika sentimita 45, mzigo unakuwa 26, na stendi inalala kifudifudi. Kwa hiyo kitako hicho kinakutosha mradi mlalo usizidi sentimita 25 au 30. Kitu cha kuogopa zaidi ni kebo. Kwenye nguzo ya sentimita 35, mvuto wa pembeni wa chini kidogo ya kilo moja unatosha kuiangusha, na mtoto akijikwaa kwenye kebo anavuta zaidi ya hapo. Niliwahi kuona maiki ya bei mbaya ikigonga sakafu kwa namna hiyo, mbele ya mgeni aliyekuwa hewani. Tangu siku ile kebo naifunga chini kwenye nguzo, ili anayeivuta avute kitako. Juu kati ya nguzo na maiki naacha kitanzi kilicholegea, kwa sababu kebo iliyokazwa nayo ni daraja la mtetemo.

Ukienda dukani, usiridhike na neno "kilo mbili na nusu". Omba mizani. Fungua nguzo kutoka kwenye kitako uone inavyoshika. Kama ni skrubu moja nyembamba, itakuwa inalegea kila wiki. Panga kila kitu kwa urefu utakaoutumia, gonga ncha ya juu kwa kidole, uangalie inachukua muda gani kutulia. Na kwa kuwa uko Tanga, angalia rangi: chuma cha kung'aa cha bei nafuu kinaanza kutoka vidonda vya kutu mapema kwa hewa ya bahari. Kitako kilichopakwa rangi nene nyeusi kinadumu zaidi. Pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani kwenye nguzo mara moja kwa mwezi.

Wazo la mume wako nalipenda, na nimeona stendi za namna hiyo zikifanya kazi vizuri. Ila diski ya breki ni chuma cha kusubu, na chuma hicho kikichomelewa kwa fimbo za kawaida mara nyingi kinapata ufa. Mwambieni fundi asichomelee bomba kwenye diski yenyewe. Akate bamba la chuma, alifunge kwa boliti kwenye yale matundu ya diski yanayopokea boliti za gurudumu, kisha achomelee bomba juu ya bamba. Iosheni diski kwa petroli nje ya nyumba, mbali na moto, ipakwe rangi. Diski ni kengele, ukiigonga inalia. Gundisha duara la mpira wa ndani wa tairi upande wa chini. Bomba nalo ni tupu na linavuma, kwa hiyo lijazwe mchanga mkavu kabla ya kuzibwa. Pima uzito mwishoni. Diski pekee mara nyingi inashinda kile kitako cha dukani.

Mahali ambapo mafundi wanakwama ni hesi, ile mistari ya kuzunguka ya skrubu inayoshika maiki. Dunia ya maiki ina saizi mbili kubwa. Ya Kimarekani ni inchi 5/8 yenye mistari 27 kwa inchi, na hiyo huipati kwenye boliti za duka la vifaa vya ujenzi. Ya Ulaya ni inchi 3/8 yenye mistari 16 kwa inchi, na boliti ya kawaida ya 3/8 ya hesi pana inaingia bila tabu. Basi mwambieni fundi aweke hiyo juu ya bomba, halafu mnunue kile kipete cha shaba cha kubadilisha 3/8 kuwa 5/8. Ni kidogo kama kifundo cha kidole na bei yake si ya kutisha. Akiwapa boliti ya milimita 10 akisema "ni ileile", kataeni. Haiingii sawasawa, na ukilazimisha unaharibu hesi ya maiki. Yote haya yaamuliwe maiki ikiwa mkononi. Msiende kwa fundi na picha ya simu.

Kuna chaguo jingine hamkulitaja: stendi ndefu ya sakafuni yenye kijiti cha mlalo, inayosimama pembeni ya meza na kuleta maiki mbele ya mdomo wako bila kugusa meza popote. Kwa kishindo cha kiwiko hiyo ndiyo dawa kamili, maana umelikata daraja lenyewe. Sakafu ya saruji haitetemeki kama chipubodi. Inachukua nafasi, watoto wakirudi itabidi uikunje, na mguu mmoja lazima uelekee upande ule ule ulionyooshewa kijiti, la sivyo itaanguka. Kama chumba kinaruhusu, mimi ningeichagua hiyo kabla ya zote.

Kama hakiruhusu, ningefanya hivi kwa mpangilio: kikapu cha raba kwanza, kinachoingiana na maiki yako, nikijaribie kwenye mkono ule ule ulio nao pamoja na vile vipande vya mninga. Mkono ukitulia, pesa za stendi zimebaki nyumbani. Usipotulia, diski ya breki yenye sponji chini. Stendi ya dukani iwe ya mwisho, kwa sababu ni ya gharama kubwa zaidi na inakupa kilekile ambacho diski inakupa, ingawa inapendeza kuitazama. Mabaki ya kishindo, kama yapo, uyakate kwenye programu kwa chujio la kuondoa sauti za chini ya hezi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde. Sauti nyingi za wanawake zinaanzia juu zaidi ya hapo, haitaguswa. Lakini usitegemee chujio peke yake. Kila kishindo kina mlio wa juu pia, na huo unabaki.

Jambo la mwisho linahusu usalama, na hapo mimi wa kwenye maandishi sitoshi. Ukihama kutoka plastiki kwenda stendi ya chuma, siku moja unaweza kuigusa ukasikia mwasho kama wa sisimizi kwenye vidole, hasa ukiwa pekupeku. Chaja nyingi za kompyuta zenye pini mbili huvujisha umeme kidogo, unaopita kwenye kebo ya USB hadi kasha la maiki na stendi. Chomoa chaja, ujaribu kwa betri. Mwasho ukiisha, badilisha chaja. Ukiendelea bila chaja, au ukiwa mkali wa kukurusha mkono, zima umeme wa chumba hicho kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme mwenye leseni aje apime waya wa ardhini wa nyumba, na stendi usiiguse mpaka amalize.